Ziara ya miguu, Posta hadi Mnazi Mmoja: maoni ya mtoza ushuru mstaafu

Nilitoza ushuru sokoni kwa miaka 23. Kila alfajiri nilichukua kitabu cha stakabadhi ofisini, nikasaini namba ya kwanza na ya mwisho, kisha nikaingia katikati ya meza za nyanya na mafungu ya dagaa. Wachuuzi hawakuchoka kuniuliza maswali mawili: hela hii inakwenda wapi, na nani aliyeanza kututoza? La kwanza nililijibu kila siku. La pili nilistaafu nalo.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha tangazo la vijana wanaotembeza watu mjini. Ziara nyingi za Dar es Salaam zinauza bahari na vinyago; hii iliahidi kusimulia mji ulivyoanza kuongozwa, tangu enzi za liwali, mtawala wa Sultani, hadi kupata meya. Nikalipia nafasi yangu na ya mjukuu wangu wa darasa la saba. Shilingi 30,000 kwa mtu mzima, 10,000 kwa mwanafunzi, na maji ya kunywa humo humo. Kama unajiuliza iwapo fedha hiyo inastahili, nakujibu kabisa kwamba inastahili, ila lipo jambo moja la kuwadai, nitalisema nikifika kwake.

Tulikutana saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Sokoine, mbele ya Boma la Kale. Tulikuwa 11: familia moja kutoka Mwanza, wanafunzi wawili wa mipango miji, mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti, wengine sikuwafahamu. Kijana wa kutuongoza alianza na shikamoo kwa wakubwa, akamzungukia kila mmoja akimuuliza anatoka mtaa gani. Niliposema Sikukuu, Kariakoo, akaniambia, "Mama, tukifika kule utanisaidia." Nikampenda hapo hapo. Mtu anayekubali kusaidiwa huyo anajua kazi yake.

Boma lenyewe lilijengwa katikati ya miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujijengea mji upande huu wa bara, jirani na kijiji cha Mzizima. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukiweka kiganja unahisi ubaridi hata jua likiwa limepanda. Hapa walifikia wageni wa Sultani. Majid akafariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash akauacha mji, majumba yakaanza kubomoka. Kwa hiyo aliyekuwa akiamua mambo hapa wakati ule ni nani? Kijana akajibu vizuri: mtu wa Sultani kwa mambo ya Sultani, na majumbe wa Kishomvi na wakubwa wa Kizaramo kwa mambo ya watu. Ada zilikuwepo na mizozo ilisuluhishwa. Isipokuwa hapakuwa na baraza la mji, wala mpaka uliosema mji unaanzia hapa unaishia pale.

Mpaka ulikuja na Wajerumani. Kampuni yao ilifungua kituo hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Mwaka huo huo wa 1891 wakatoa sheria ya ujenzi. Hapa ndipo ziara iliponishika sawasawa.

Kijana alitoa kamba tatu mfukoni. Akawaomba watu sita wazishike, wawili wawili, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea bahari. Kamba ya kwanza, ya mbele kabisa, nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Ya pili, nyumba imara za mawe. Ya tatu, huko nyuma, ndiko ruhusa ya kujenga kwa miti, udongo na makuti. Kisha akauliza: "Mmesikia nimetaja Mwafrika, Mhindi au Mzungu kwenye amri hii?" Mjukuu wangu akajibu, "Hapana, umetaja nyumba." Akamwambia, "Umeiona. Sheria ilizungumza habari za kuta, na kuta zikafanya kazi iliyobaki." Mtu asiye na fedha za mawe na chokaa hakuwa na haja ya kufukuzwa ufukweni. Aliambiwa tu nyumba yake haifai pale.

Nilisimama kimya. Nimekulia kwenye maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, nayachukulia kama majina ya upepo, kaskazini na kusini. Sikuwahi kuyaona yakiwa kamba mikononi mwa watu. Na niliposhika kitabu cha ushuru kwa miaka yote ile, mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma sheria ndogo zinazosema meza iwe na kimo gani, paa liwe la bati, sakafu iwe ya saruji. Mwenye uwezo anabaki, asiye nacho anasogea. Sisemi usafi ni mbaya, nimeona kipindupindu kwa macho yangu. Nasema tu nimeelewa lugha hiyo ilizaliwa lini.

Kwa upande wa fedha alipita haraka. Alitaja kodi ya nyumba na vibanda ya mwaka 1897, akasonga. Ningependa akae hapo. Kodi ile ndiyo iliyomfanya mtu wa kawaida ajue kwamba kuna serikali, kabla hajaona barabara wala bomba la maji.

Ukivuka Barabara ya Morogoro unalikuta jengo la jiji, City Hall kama tulivyozoea kuliita. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo tulisimama nje kwenye kivuli. Hapo tulielezwa zama za Waingereza, waliouteka mji Septemba 1916. Mwaka 1920 ilitungwa sheria ya miji midogo, na Dar es Salaam ikapata mamlaka yake ya mji. Wajumbe wake hawakupigiwa kura na mtu, waliteuliwa. Kazi zao zilikuwa zile zile tunazozijua: taka, mifereji, machinjio, masoko, leseni, vibali vya ujenzi. Mzee wa kanzu akakumbuka jinsi bibi yake alivyokuwa akiwatisha watoto kwa kusema "Bwana Afya anakuja", maana Bwana Afya ndiye aliyeingia uani kwa watu kukagua mitungi kama ina viluwiluwi vya mbu. Sote tuliokulia hapa tukacheka kwa kumbukumbu. Kwa wakazi wengi, huyo Bwana Afya ndiye aliyekuwa sura ya serikali ya mji. Gavana hawakumwona, mkuu wa wilaya walimwona kwa mbali, lakini Bwana Afya aliijua mitungi yao.

Kutoka hapo tuliifuata Sokoine kuelekea mashariki. Tulisimama dakika 20 kwenye makanisa mawili, Mtakatifu Yosefu na Azania Front. Ni majengo mazuri, yote mawili yalikamilika mwaka 1902, na wageni walipiga picha zao. Kwangu mimi dakika hizo zilikuwa nyingi mno kwa ziara iliyoahidi habari za utawala wa mji. Tukaendelea hadi Ukumbi wa Karimjee.

Mahali hapa pasikose kwenye ziara yoyote. Ukumbi ni zawadi ya familia ya Karimjee kwa mji, katika miaka ya 1950, na ndani yake Bunge lilikutana kwa muda mrefu kabla ya Dodoma. Abdulkarim Karimjee aliwahi kuwa Meya wa mji huu na baadaye Spika. Lakini tuanze na meya: neno hilo lilitoka wapi? Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipandishwa kuwa manispaa, ikapata baraza lenye meya. Sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu watu 69,227 mjini. Mjukuu wangu hakuamini. Kwake yeye watu elfu sitini na tisa ni mashabiki wa mechi moja ya Simba na Yanga, na amezidisha kidogo tu.

Miaka 11 ikapita kabla Mwafrika hajaishika nafasi ile. Mwaka 1960 akawa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi, mtu aliyeandika kitabu cha kanuni za kutunga mashairi ya Kiswahili. Kijana alimsimulia vizuri sana, bila kusoma karatasi. Alisema mtu aliyezoea kupima mizani na vina, kuhakikisha kila mstari unatosha na hakuna ulioonewa, ndiye aliyekalia kiti cha mji uliokuwa umepimwa kwa kamba za kutenga watu. Mama mmoja kutoka Mwanza alipiga makofi peke yake, sisi wengine tukamfuata. Sheikh Amri Abedi hakuishi sana baada ya hapo, alifariki mwaka 1964 akiwa waziri. Watu wa Arusha wanalitamka jina lake kila wakienda uwanjani, na nina hakika vijana wengi wa Dar hawajui kwamba alikuwa meya wao. Kwa simulizi hiyo peke yake nisingedai chenji.

Tulirudi kwa Barabara ya Samora. Jua lilikuwa limeshakolea, na hapa niwape ushauri walio na umri kama wangu: njooni na kofia na viatu vya chini, kwani vituo vya kukaa ni viwili tu. Barabara hii yenyewe ni somo. Wakoloni waliiita Akasia, baada ya uhuru ikawa Independence, sasa ni Samora. Mamlaka ya mji huonekana kwenye vibao vya mitaa kabla ya kuonekana mahali pengine. Aliyekuja jana anafuta jina la wa juzi. Kwenye Sanamu ya Askari tulielezwa kwamba iliwekwa mwaka 1927, na kwamba mahali hapo kabla ya vita palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Hapo nako hatukukaa sana, na ilikuwa sawa.

Mwisho wa Samora tukafika Mnara wa Saa. Nimeupita mnara huu tangu nikiwa mgongoni mwa mama, nikiutumia kujua kama nimechelewa. Sikujua kwamba ulisimamishwa kuadhimisha Dar es Salaam kuwa jiji, tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru. Mwanafunzi wa mipango miji akauliza kuhusu mabadiliko yaliyofuata. Kijana akayataja kwa kifupi: serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena mwaka 1996 ikaja Tume ya Jiji, mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikafutwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Mimi niliyapitia mengi ya hayo nikiwa kazini. Kitabu cha stakabadhi kilibadilika jina juu, meza za nyanya zikabaki pale pale.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Ziara ilitangaza kuishia Mnazi Mmoja, na kweli tuliishia hapo, upande wa mjini, chini ya miti, tukanywa madafu. Kijana alieleza kwamba uwanja huu haukubaki wazi kwa bahati. Wajerumani waliuwaza, Waingereza wakausimamia: eneo lisilo na nyumba, la kutenga mji wa biashara na makazi ya Waafrika, kwa sababu waliyoiita ya afya, ati mbu na maradhi yasivuke. Kisha akanyoosha mkono, akasema, "Na kule ng'ambo ndiyo Kariakoo, ambako mwaka 1923 lilifunguliwa soko." Akashukuru watu. Ikawa basi.

Sentensi moja! Makanisa dakika 20, soko sentensi moja. Ziara inayosimulia kamba ya kwanza na ya pili kwa saa tatu, kisha ikaionyesha kamba ya tatu kwa kidole tu, imesimama mahali pale pale walipotaka wenye kamba tusimame. Nilimwambia hivyo kwa upole, pembeni, kama mama na mwanawe. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, muda ndio unatubana. Lakini nilikuomba unisaidie." Basi nikasema kwa sauti, anayetaka kuvuka na avuke na mimi. Walikuja saba, pamoja na yeye mwenyewe.

Tuliuvuka uwanja kwa miguu, tukatokea Mtaa wa Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street, ambako TANU ilizaliwa mwaka 1954. Nikawaonyesha Mtaa wa Uhuru, ambao babu yangu aliuita Kichwele hadi kufa kwake. Niliwaeleza ninachokijua: kwamba Kariakoo yote ilikuwa shamba la Mjerumani, serikali yake ikalinunua kabla tu ya vita ya kwanza ili iwahamishie Waafrika; kwamba vita ilipofika wakapiga kambi hapa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na ulimi wa watu ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo; kwamba jengo walilolijenga Wajerumani kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914 ndilo lililogeuzwa kuwa soko. Kisha viwanja vikapimwa mraba kwa mraba, watu wakajenga nyumba ya Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, uani nyuma. Nyumba tuliyozaliwa sisi Sikukuu ilikuwa hivyo hivyo. Leo pana ghorofa.

Tulipofika sokoni tulisimama Mtaa wa Mkunguni. Jengo analolijua kila mtu, la msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na likaungua Julai 2021. Nilipoliangalia nikapata jibu la swali nililostaafu nalo. Mwaka 1923 soko likawekwa chini ya mamlaka ya mji, biashara iliyokuwa chini ya mwembe na barazani ikaingizwa chini ya paa moja, na chini ya paa moja ndipo mtu anaweza kupita na kitabu. Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni ya watu walioshika kitabu kile. Wa kwanza simjui, lakini najua aliposimama.

Nilikuwa nimebeba kitu kwenye mkoba, nilikusudia kumwonyesha kijana kama angefaa. Ni stakabadhi ya kodi ya nyumba ya babu yangu, ya mwaka 1951, miaka miwili baada ya mji kuwa manispaa. Imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, lugha ambayo babu hakuisoma, na jina lake limekosewa. Yeye aliitunza kwenye kasha pamoja na hati ya ndoa. Aliniambia nikiwa mdogo, "Karatasi hii inasema mimi ni mtu wa mji huu." Kijana aliishika kwa mikono miwili, akaomba aipige picha. Nikamruhusu, kwa sharti kwamba akiionyesha asome jina la babu kama linavyotamkwa nyumbani, na si kama lilivyoandikwa. Tukafanya mazoezi ya kulitamka pale pale barabarani hadi akalipata.

Nyota zangu ni nne kati ya tano. Wanaondoka saa mbili kamili na hawasubiri, kwa hiyo wahi. Choo kipo kimoja tu njiani, karibu na bustani ya mimea, na kinalipiwa. Kipaza sauti chao kidogo kilikuwa kikikoroma kwenye barabara zenye magari; kaa karibu na mwongozaji. Lugha ni Kiswahili, na akitokea mgeni hutafsiriwa pembeni bila kuwakatisha wengine, jambo ambalo sijalikuta kwenye ziara nyingine hapa mjini. Watoto chini ya miaka kumi watachoka. Wa darasa la saba anaweza, wangu alikuwa na maswali hadi kwenye daladala.

Na ukifika Mnazi Mmoja, usikubali kuonyeshwa kwa mkono. Mwambie kijana akuvushe. Ni dakika chache tu. Kama atasema muda umebana, mwambie mama wa Sikukuu amesema madafu yanauzwa ng'ambo ya pili pia.